Mahindi yanajikunja mchana, jioni yanakunjuka: nisubiri mvua au nimwagilie?

Mkuu, umesema majani ya mahindi yako yanajikunja kuanzia saa sita, jioni yanakaa sawa, na kwa kuwa bado ni ya kijani unaona hakuna hasara. Nimelima Kongwa, Dodoma, misimu minne, nami niliwaza hivyohivyo.

Wengi hudhani wakati wa kiu usanisinuru, yaani jani kujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua, unadorora kwa kuwa maji ni malighafi yake. Ni malighafi kweli, lakini usanisinuru hautumii hata asilimia 1 ya maji yanayofyonzwa na mizizi. Karibu yote huishia hewani kama mvuke. Shida inaanzia mlangoni. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi absisiki, nayo hufunga stomata, vile vitundu vya jani, ili mvuke usitoke. Sasa hewa ya ukaa nayo itapita wapi?

Ndani ya kloroplasti, vile viwanda vidogo vya sukari ndani ya jani, kuna njaa, huku jua likizidi kuchoma. Umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, hauwezi kuukataa. Elektroni zinaendelea kung'olewa, lakini hewa ya ukaa ya kutengenezea sukari ni haba, basi baadhi hudakwa na oksijeni, ikageuka kali na kuunguza mitambo humohumo. Kujikunja kwa jani ni kujikinga: linapunguza sehemu inayopigwa na jua. Sukari inapungua, ndiyo, ila mmea haujaumia sana.

Ukiyakuta yamejikunja saa mbili asubuhi, hapo shtuka. Maana yake hata usiku hayakupata maji ya kujirudisha. Yangu yalifika huko, majani ya chini yakawa ya njano. Muuza pembejeo akasema ni upungufu wa naitrojeni, nikamwaga urea kwenye udongo mkavu. Pesa ile bado inaniuma. Umbijani ulikuwa unavunjika kwa kiu, na mbolea bila maji haifiki kwenye mizizi.

Maharage niliyochanganya humo yalichoka mapema zaidi. Mahindi na mtama hujikusanyia hewa ya ukaa ndani ya jani, hivyo stomata zikifunguka kidogo tu inatosha. Maharage hayana ujanja huo.

Mahindi yako yamefikia wapi? Kama mbelewele, yale maua ya kileleni yenye chavua, ziko karibu kutoka na una pampu, mwagilia leo. Kiu wakati huo huchelewesha ndevu, chavua ikamwagika bure, ukavuna magunzi. Kama yako magotini, mimi ningepalilia, nitandaze nyasi kavu, nisubiri mvua.