"Gaudy" si sifa: maneno ya Kiingereza ya vitu vinavyovuta macho

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Kisumu aliniomba nimwandikie tangazo la Kiingereza. Sebule yake ina mapazia ya zambarau na rangi ya chungwa, na niliyapenda kwa dhati. Kamusi ilisema "gaudy" ni chenye rangi nyingi kali. Nikaliandika. Jioni akanipigia: "Mwanangu, mbona umenitukana mbele ya wageni?" Nikaona haya, maana alisema kweli. Neno hilo linadai rangi zimepita kiasi. Nililohitaji ni "striking".

Tangu hapo, kabla ya kuchagua neno la namna hii, hujiuliza: jicho limefurahi au limeumia? "Striking" linatokana na kupiga, ila ni pigo la uzuri, kama flamingo wanapojaa ukingoni mwa Ziwa Nakuru. "Glaring" ni mwanga unaochoma macho, ndiyo maana utalikuta na kosa, si na pambo. "Flashy" linamsema anayejishaua. Sisi wenyewe hatuchanganyi maridadi na kujishaua, basi tusiyachanganye kwa Kiingereza.

Wengi hujikwaa pale ambapo neno halisifu wala halilaumu waziwazi. "Prominent" asili yake ni Kilatini, kuchomoza mbele. Kit Mikayi, ile miamba iliyopandana karibu na barabara ya Kisumu kwenda Bondo, inalistahili kabisa. "Conspicuous" nalo ni la kitu usichoweza kukosa kukiona, lakini mara nyingi kwa kuwa hakifanani na wenzake: mtu aliyevaa suti ya harusi katikati ya wavuvi wa Dunga. Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi, ameandika kwamba shuleni alikuwa "conspicuous". Nilimsihi alifute, kwa sababu msomaji angebaki akijiuliza alifanya nini.

Na tafadhali, "notorious" si maarufu tu. Ni anayejulikana kwa ubaya.

Usiishie kwenye maana ya kamusi. Soma sentensi za mfano, uone neno linaandamana na nani. "Prominent" huenda na mawakili na pua ndefu. "Glaring" huenda na makosa na mapengo. Mimi huyaandika kwenye daftari, kila neno na marafiki zake, na lile la "gaudy" liko ukurasa wa kwanza.