Pengo la mlango halizibwi kwa supaglu

SWALI: Habari fundi. Nimemaliza kuunda Porsche 911 ya vipande 1458, ile nakala ya seti ya LEGO isiyo na nembo, niliyonunua kwenye duka moja Luthuli Avenue. Upande wa kushoto kuna pengo kati ya mlango na madigadi ya nyuma, ila kulia pako sawa kabisa. Usukani nao ni mgumu. Nikiwa katikati ya kazi niliishiwa na pini nyeusi mbili, nikatumia mbili za kijivu zilizokuwepo. Mwishoni limebaki bamba la 1×6 (kipande bapa chenye safu moja ya vinundu sita vya kushikia juu yake), na muuzaji anasema ni ziada. Jamaa mmoja mtandaoni ananishauri niusugue mlango kwa msasa, halafu nigandishe kwa supaglu. Ninunue ya aina gani? – Msomaji, Donholm

JIBU: Usinunue ya aina yoyote. Na huyo muuzaji usimuulize kitu kingine.

Bamba la 1×6 haliwezi kuwa ziada. Vinavyoongezwa kwenye seti ni vile vidogo vinavyopotea hovyo: kipande cha 1×1, pini moja, kigae cha duara (kipande bapa kisicho na vinundu). Likibaki bamba refu, kuna ukurasa wa kitabu cha maelekezo uliouruka. Sasa chukua rula upime hilo pengo, maana vipande hivi vina vipimo visivyobadilika. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8. Tofali, kile kipande kinene, lina kimo cha milimita 9.6, na bamba 3.2, yaani mabamba matatu yakipandana yanakuwa tofali moja. Pengo la 3.2 maana yake bamba limekosekana. Likiwa 8, kuna kitu umekiweka kinundu kimoja pembeni ya mahali pake. Likiwa 1.6, angalia vile vipande vya pembe vinavyogeuza vinundu viangalie kando, kwa sababu ukuta wake ni nusu ya unene wa bamba na ni rahisi kuweka cha aina nyingine. Pengo linalopitisha karatasi tu ni kipande ambacho hakikubanwa mpaka chini.

Nadhani lako litasoma 3.2. Mbavu za gari hili hujengwa zikilala ubavu, na hesabu yake ni kwamba mabamba matano yakilala yana unene wa milimita 16, sawasawa na vinundu viwili. Yakiwa manne, hesabu inavunjika na mlango haukutani na madigadi hata uusukume vipi. Tena kushoto na kulia ni picha ya kioo, si nakala. Wengi hujenga upande mmoja vizuri, kisha wanaukimbilia wa pili kwa kumbukumbu.

Jambo jingine la kukagua kwenye mfano huu: seti asili ya LEGO, iliyotoka 2021, inakupa uchague kati ya matoleo mawili ya 911, Turbo au Targa, na Turbo ina ekseli ya nyuma iliyo pana zaidi. Ukichanganya kurasa za hizi mbili, nyuma haitakaa sawa. Lakini kwa kuwa pengo lako liko upande mmoja tu, silifikirii hilo kwanza.

Usukani umejieleza wenyewe kwenye swali lako. Pini nyeusi ina vimigongo vinavyobana ndani ya tundu. Kazi yake ni kushikilia. Ya kijivu haina, nayo huwekwa mahali panapozunguka. Uliishiwa na nyeusi kwa sababu mbili ulishazitumia kwenye viungo vya magurudumu ya mbele. Kwa hiyo panapotakiwa kuzunguka pamebana, na mahali fulani kwenye chasisi panapotakiwa kubana panacheza. Zibadilishane. Ukiwa hapo, zungusha ekseli ya usukani kwa vidole viwili. Ikiwa bado nzito, bushi (kipete kinachoizuia ekseli isichomoke) imesukumwa mpaka ikaibana boriti, kile kipande kirefu chenye matundu. Irudishe nyuma kidogo sana, upana wa unywele. Pima pia urefu wa ekseli kwenye ile picha iliyochorwa kwa kipimo halisi kitabuni, maana ya vinundu 4 na ya vinundu 5 hudanganya macho usiku.

Kufungua hakuhitaji kubomoa gari zima. Ondoa paa, mlango na mbavu ya kushoto, kila kimoja kikiwa kipande kizima, ukiingiza kibanduo (kile kifaa cha kutenganishia vipande) chini ya bamba na kuinua taratibu. Kisu cha jikoni kiache jikoni.

Sasa huyo jamaa wa msasa. Kila mara mtu akiuliza kuhusu pengo, anatokea mmoja wa namna hii, na ushauri ni ule ule: sugua, chemsha, gandisha. Kosa la mfano wa vipande karibu kila mara liko kurasa nyingi nyuma ya pale unapoliona. Supaglu inaganda juu ya kosa. Ni nyepesi kama maji, hupenya kwenye matundu na kuishika ekseli ya usukani moja kwa moja. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo cha mbele, na ule haufutiki kwa kitambaa. Wakishaharibu hivyo wanakutuma ukanunue asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo huyeyusha ABS, plastiki ya vipande vyenyewe. Maji ya moto nayo ni ujinga: LEGO wenyewe wanasema vipande visioshwe kwa maji yanayozidi nyuzi 40.

Kuna kisa kimoja tu ambapo pengo linaweza kuwa la kiwandani, nacho kinahusu nakala kama yako. Panga matofali 10 ya kawaida, bana vizuri, pima bila vinundu vya juu. Yafike milimita 96. Yakipita hapo au yasipofika, kosa dogo la kila kipande linajumlika hadi paani, na gundi haitalipunguza. Rudisha seti ungali na risiti.

Najua 911 inapendwa hapa kwa ajili ya Safari Rally, ingawa ilimaliza ya pili 1972, 1974 na 1978 bila kushinda hata mara moja. Mapenzi hayo ndiyo yanayowalisha wauzaji wa magari ya vipande "yaliyokamilika", mengi yakiwa yameshikizwa kwa gundi ili yasiachie yakisafirishwa. Kabla ya kulipa, mulika kioo cha mbele kwa tochi ya simu uone kama kina ukungu, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha omba kubandua kigae kimoja cha boneti. Akikukatalia, mwachie gari lake.