Njia za 4x4 karibu na Nairobi: usiombe pini, uliza bomani

Wiki hii nimepata tena ujumbe wa aina ileile. Msomaji amenunua Prado, ameipandisha kimo na kuifunga matairi ya matope, anaishi Syokimau, na anachotaka ni alama ya mahali kwenye ramani ya simu, "pini tu, kaka, ya ile njia ya nyuma ya Ngong." Namwelewa kabisa. Ukishakuwa na gari lenye gia nzito, lami ya Mombasa Road inakuchosha mapema, na wewe unayesoma hapa najua una njaa hiyohiyo. Pini siitumi tena kwa mtu. Nitaeleza nilivyoipata njia yenyewe, maana ukijua hilo utapata zako nyingi tu.

Nilianza na karatasi. Ofisi za Survey of Kenya kule Ruaraka huuza ramani za 1:50,000, zile ambazo sentimita mbili ni kilomita moja ardhini. Nyingi ni za zamani, lakini mito mikavu, mabonde na miteremko haijahama. Baadaye nikakaa usiku kwa usiku na picha za setilaiti za eneo lile kati ya Milima ya Ngong na Mlima Suswa. Picha hizo zina siri yake. Njia ya ng'ombe huonekana kama nyuzi nyingi nyembamba zinazosukana na kuachana, na njia ya gari ni mistari miwili inayokwenda sambamba. Ukiona shule ya msingi au silanga (bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo) mahali pasipo na barabara kwenye ramani, jua lori la saruji au tingatinga lilifika hapo. Basi njia ipo, na kazi yako ni kuifuata nyuma mpaka ikutane na unayoijua.

Hapo ndipo watu wengi huishia, wakidhani wamemaliza. Mimi niliteremka Kona Baridi asubuhi moja ya Januari, nikaacha barabara ya Magadi na kuelekea upande wa Saikeri, simu mkononi, nikijiona mpelelezi. Mistari miwili ikanifikisha kwenye ua wa miiba. Setilaiti ilikuwa imepiga picha kabla ua haujawekwa. Kajiado imebadilika sana. Ardhi iliyokuwa ya ranchi za pamoja, zile zilizosajiliwa chini ya sheria ya 1968, sehemu kubwa imegawanywa na kila familia ina kipande chake na hati yake. Njia iliyokuwa ya kila mtu leo inapita kwenye shamba la mtu.

Nilizima gari nikasubiri. Akaja mzee na kijana mmoja wa mbuzi. Nikamsalimu "Sopa", naye akaitika kwa upole, kisha akaniuliza natafuta nini huku. Nikamwambia ukweli, kwamba natafuta njia ya kufika Ewuaso Kedong bila kugusa lami. Alinitazama muda, akaangalia gari, akasema gari langu ni zito kwa korongo la chini, nizungukie juu kwenye mawe meusi. Akampandisha kijana kwenye kiti cha mbele anionyeshe. Saa ile nilijifunza zaidi ya nilichojifunza kwa ramani zote. Kijana alijua wapi maji huchimba kila msimu, wapi jirani hataki gari lipite, na wapi Probox, kale kagari kadogo ka Toyota ka kubebea watu na mizigo, hupita siku ya soko. Jioni tulitokea Ewuaso, Suswa imesimama mbele yetu na vumbi lake la majivu ya volkeno, laini kama unga wa ngano, na nilikuwa na njia ambayo sikuiona kwa mtu mwingine yeyote. Najivunia siku ile hadi leo.

Nikawa narudi kila kiangazi. Sukari, majani ya chai, wakati mwingine dawa ya mifugo mzee akiniagiza. Tukawa watu wa kupigiana simu.

Kisha kundi moja la madereva wa mjini, watu niliokula nao, wakaniomba faili la njia, ile rekodi ya GPS, wapeleke wageni wao wachache. Walipolipata wakaipa njia jina lao, wakatoza watu fedha, na wakaenda Aprili, mvua zikiwa zimeshika. Hawakusimama bomani, yaani nyumbani kwa mzee. Walikata ua mahali pawili ili wasizunguke, wakachimba mifereji ya magurudumu kwenye malisho ambayo mzee alikuwa anayatunza kwa ajili ya ndama. Aliyenipigia simu ni yule kijana. Sasa pana lango na kufuli, na mimi ninayeitwa jina langu pale huingia kwa miguu kumjulia hali mzee. Video zao bado zinazunguka mtandaoni na watu wanazipongeza. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kwa hiyo mtu akiniita mchoyo simjibu. Rhino Charge, mashindano ya magari ya 4x4 yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, ule wa takriban kilomita 400 uliokamilika 2009, huficha mahali pake hadi siku chache kabla ili washindani wasiende kupachunguza mapema. Hakuna anayelalamika. Kutafuta njia ndiyo nusu ya mchezo wenyewe, na anayeletewa njia tayari hana sababu ya kuiheshimu.

Sasa ndugu yangu, ukiuliza njia, usiulize tu kama ipo. Kijana wa bodaboda atakwambia ipo, na hakudanganyi, kwa sababu pikipiki inapita. Uliza gari gani lilipita mara ya mwisho, na lini. Akisema Probox juzi, nenda. Akisema lori la maji wakati wa kiangazi, nenda kwa uangalifu. Akianza kufikiri, shuka utembee kwanza. Na uliza bomani, si dukani tu, maana mwenye duka hajui ua wa nani umehamishwa.

Msimu nao ni wa kuheshimu. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, udongo mweusi wa Athi na Kitengela hujaza matairi mpaka yawe mviringo laini yasiyoshika kitu, hata uwe na kufuli za difu mbele na nyuma, zile zinazolazimisha magurudumu yote mawili ya ekseli kuzunguka pamoja. Mito mikavu ya Bonde la Ufa hujaa kwa mvua iliyonyesha juu ya mlima ambako hukuiona. Waliopoteza watu Mai Mahiu alfajiri ya 29 Aprili 2024 wanajua maji yanavyokuja. Usilale kwenye mchanga wa mto, hata ukiwa mkavu.

Toa upepo kwenye matairi. Kutoka PSI 32 hadi kama 20 kwenye mawe na vumbi, chini zaidi kwenye mchanga, na uwe na pampu ya kurudisha. Nenda na gari la pili. Beba koleo, kamba nzuri ya kuvutia, maji mengi kuliko unavyofikiri. Nakariri: gari la pili.

Kwa anayeanza, barabara ya Magadi inatosha. Simama Olorgesailie, kama kilomita 70 hivi kutoka mjini, lipa ada ya makumbusho uone shoka za mawe, kisha mwombe mtu wa pale akuelekeze njia za kuzunguka mlima. Ukishazoea, fika Magadi penyewe, ujiandikishe kabla ya kuvuka ziwa, na uende hadi chemchemi za maji moto upande wa kusini. Suswa iache mpaka umejua gari lako, na ukienda lipa ada ya jamii kwa wanaotunza mlima, uombe risiti, na umchukue kijana wao akuongoze hadi mapangoni. Fedha ile inakaa pale pale, na safari ijayo atakukumbuka.