Notisi ya bango: kabla ya kulipa au kung'oa, shika futi na sheria ndogo

Mkuu, pole kwa usumbufu. Kwa wanaoingia kwenye uzi sasa hivi: mwenzetu amekodi fremu ya biashara kando ya barabara kubwa, akakuta nguzo ya bango iliyoachwa na mpangaji aliyetangulia. Akaweka uso mpya wenye jina lake pande zote mbili, na juu yake akaongeza kisanduku cha taa. Miezi mitatu baadaye kaletewa notisi ya siku 14 kwamba bango halina kibali na limezidi ukubwa. Anauliza alipe faini yaishe, ang'oe, au akatae. Swali lake la pili ni la nyumbani: mkewe anashona nguo na anataka kibao getini. Na hicho nacho kinahitaji kibali?

Nimetengeneza na kufunga mabango miaka 16 sasa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimalizia kwenye korido za halmashauri nikifuatilia vibali vya wateja. Nianze na lenye haraka.

Usilipe kimya kimya, na usikae kimya. Andika barua ndani ya siku hizo 14 ukiomba kujua mambo mawili: ni kifungu gani cha sheria ndogo kilichovunjwa, na bango lako limepimwaje. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Faini ni adhabu ya kosa lililopita, haigeuki kibali. Nimeona watu wanalipa, wanarudi wamepumua, na mwezi unaofuata notisi nyingine iko mlangoni kwa bango lile lile. Soma pia tarehe zote kwenye hiyo karatasi, maana siku za kukata rufaa mara nyingi si sawa na siku za kuondoa bango, na zikipita zimepita.

Sasa nguzo ya kurithi. Wengi hudhani kwa kuwa bango lilikuwepo, basi lina haki ya kuendelea kuwepo. Kibali hutolewa kwa bango lililo kwenye mchoro, mahali palipoonyeshwa, na sehemu nyingi kwa jina la aliyeomba. Ni kweli halmashauri nyingi huyaacha mabango yaliyosimama kabla ya sheria mpya, kwa sharti kwamba yasiguswe. Kubadilisha maandishi peke yake kwa kawaida hakuleti shida. Ukiongeza kimo, ukasogeza nguzo, ukabadili umbo au ukaweka taa ambayo haikuwepo, umejenga bango jipya, na bango jipya hupimwa kwa sheria ya leo. Hicho kisanduku cha taa ndicho ninachokitilia shaka. Muulize mwenye nyumba kama mpangaji wa zamani aliacha kibali au hata stakabadhi. Karatasi hiyo moja inaweza kubadilisha mazungumzo yote.

Kabla ya ukubwa kuna suala la ardhi, na hapa ndipo kesi nyingi huishia. Chukua ramani ya kiwanja, pima kutoka mpaka wake hadi kwenye shina la nguzo. Kama nguzo imesimama ndani ya hifadhi ya barabara, usipoteze muda kubishania ukubwa wa uso wake, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kukuruhusu kutumia ardhi isiyo yake, na mara nyingi hata halmashauri haina mamlaka hapo, bali wenye barabara. Na kama fremu iko kwenye kona, angalia pia ile pembetatu ya kuonea: eneo la njia panda ambalo halitakiwi kuwa na kitu cha kumziba dereva anayechungulia barabara nyingine. Ukitaka kujua, kaa kwenye gari dogo pale pale kwenye kona. Ukiwa umesimama kwa miguu huwezi kuona anachozibwa dereva.

Ukubwa ndio unaozua ugomvi mwingi, na nusu ya ugomvi huo ni wa namna ya kupima. Uso wako, kwa maelezo yako, ni mita 2.4 kwa 1.2, yaani mita za mraba 2.88. Ukihesabiwa pande mbili ni 5.76. Sheria nyingi huhesabu upande mmoja tu endapo nyuso mbili zimepeana migongo zikiwa sambamba. Zikiachana kwa pembe kama herufi V, zinahesabiwa zote. Kisanduku chako cha juu je, ni sehemu ya bango au ni bango la pili? Hapo ndipo unahitaji maneno ya sheria ndogo yenyewe, siyo maelezo ya mdomo ya dirishani, wala ya fundi. Hata mimi usiniamini kabla hujausoma ule ukurasa wa tafsiri ya maneno. Huo ukurasa, ambao watu huuruka, ndio unaosema "eneo la bango" ni nini.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Mteja mmoja alitaka herufi za kukata, moja moja, zipachikwe ukutani bila ubao nyuma. Mstari wa herufi ulikuwa na urefu wa mita 4 na kimo cha sentimita 40, kwa hiyo tukahesabu mita za mraba 1.6, na kikomo kilikuwa 2. Ila herufi ya mwisho ilikuwa na mkia wa mapambo uliopanda sentimita 35 juu ya nyingine. Afisa alipokuja alinyoosha futi kamba, akaanzia kwenye ncha ya ule mkia hadi chini, kisha kutoka kushoto hadi kulia, akachora mstatili mmoja unaozunguka kila kitu. Mita 4 kwa 0.75: mita za mraba 3, nyingi zikiwa ukuta mtupu. Na alikuwa sahihi, sheria ndogo ilisema hivyo hivyo. Tulishusha herufi ile, tukaufupisha mkia hadi sentimita 10 na kuirudisha. Mita 4 kwa 0.5, mita za mraba 2 kamili. Mteja alikuwa ameshalipia kazi yote, na hilo lilikuwa kosa langu: niliikata kabla ya kibali kutoka. Tangu hapo sikati kitu mpaka nione mchoro uliogongwa muhuri.

Najua utasema mita mbili za mraba ni kidogo mno kwa biashara. Mji wa São Paulo, Brazili, ulipitisha sheria mwaka 2006, ikaanza kazi 2007, ukapiga marufuku mabango ya matangazo ya nje karibu yote. Duka lenye upana wa mbele usiofika mita 10 liliachiwa bango la mita za mraba 1.5 tu, na kuanzia mita 10 hadi 100, mita za mraba 4. Maduka yaliendelea. Kipimo wanachotumia mafundi wengi ni kimo cha herufi cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtu aliye mita 30 anasoma vizuri herufi za sentimita 25. Dereva wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo akianza kukusoma mita 50 kabla, ana sekunde tatu. Katika sekunde tatu hasomi namba ya simu, anuani na orodha ya huduma. Ondoa hayo yote, acha jina na unachouza, utashangaa jinsi bango dogo linavyotosha.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, usalama. Watu huona masharti ya mchoro wa nguzo na boliti kama njia ya kuwakamua hela. Chukua uso wako huo wa mita za mraba 2.88. Upepo wa kilomita 108 kwa saa ukiupiga uso kwa uso, unausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 160, na hiyo ni hesabu ya chini. Kwa nusu ya kasi hiyo ni kama kilo 40 tu, kwa sababu kasi ikiongezeka maradufu nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana bango husimama miaka mitano bila kutikisika, kisha likaondoka kwa dhoruba moja.

Niliitwa kwenye bango lililoanguka usiku juu ya njia ya waenda kwa miguu. Hakuna aliyekuwa anapita, namshukuru Mungu. Rangi ilikuwa nzima, maandishi yanang'aa. Nilipoinua kile kitako cha chini nikakuta boliti nne. Tatu zilikuwa zimeliwa na kutu kiasi kwamba katikati zimebaki nyembamba kama penseli, na zote zililiwa pale pale chuma kinapoingia kwenye zege, mahali maji yanapotuama. Ya nne ndiyo iliyokuwa imelishikilia bango lote, hatujui kwa muda gani. Wewe umerithi nguzo. Kabla hujajibu lolote kuhusu kibali, fukua udongo kwenye kitako chake uangalie boliti. Ukikuta hali hiyo, shusha uso leo, usisubiri siku ya 14.

Shida hii ni ya zamani. London ya karne ya 18 ilijaa mabango mazito yaliyoning'inia juu ya njia kwa vyuma, yakiziba mwanga na kuangukia watu, mpaka sheria za miaka ya 1760 zikaagiza yashushwe na kubandikwa bapa ukutani. Leo bango linalochomoza juu ya njia ya miguu hutakiwa kuacha nafasi chini yake. Mita 2.4 hivi ni kipimo cha kawaida, mtu apite hata akiwa na mzigo kichwani.

Taa nitapita haraka. Halmashauri nyingi hutaka maombi ya pekee kwa bango la mwanga na cheti cha fundi umeme. Kama kisanduku kinawaka na kuzima au kinabadilisha picha, masharti huwa makali zaidi. Na kama dirisha la chumba cha kulala la jirani linatazamana nacho, kiwekee swichi ya kukizima chenyewe kwa saa uliyopanga, kabla hajaenda kulalamika.

Kuhusu shemeji. Kibao kidogo bapa chenye jina na kazi, kisicho na taa, huruhusiwa sehemu nyingi bila kuomba kibali. Uingereza, kwa mfano, kwa kibao cha jina na shughuli kikomo ni mita ya mraba 0.3, sawa na sentimita 60 kwa 50, na hicho kinatosha kabisa getini. La kuangalia zaidi ni kama kazi yenyewe inaruhusiwa kufanyika kwenye nyumba ya makazi, kwa sababu kibao humwonyesha afisa kitu ambacho hakuwa anakijua. Aulize hilo kwanza. Kama mnaishi kwenye nyumba za jumuiya, soma na kanuni za wakazi, huwa zinabana kuliko za halmashauri.

Kuna aliyesema hapo juu kwamba halmashauri inaweza kukukataza kibao chochote nyumbani. Inategemea nchi. Marekani, mji wa Ladue, Missouri, ulijaribu. Mama mmoja, Margaret Gilleo, aliweka dirishani karatasi ya kupinga vita vya Ghuba, na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya nchi ikampa ushindi kwa kauli moja. Lakini hiyo ilikuwa kauli ya mtu kwenye nyumba yake. Tangazo la biashara ni suala jingine, usiende na kesi hiyo mbele ya afisa kulitetea.

Mkuu, pima kimo cha nguzo, umbali wake kutoka mpaka wa kiwanja, vipimo vya hicho kisanduku, na upige picha za boliti ukishafukua. Viweke humu pamoja na kifungu walichokutajia. Mchoro wa kupeleka halmashauri nitakuchorea mwenyewe.