Kabla hujamtafuta mgeni rasmi, kaitafute kwanza ile bahasha ya picha

Mwaka wa kwanza tulipoandaa siku ya historia ya wanawake mtaani kwetu tulifanya kila kitu ambacho leo nikiona mtu anakifanya natamani nimvute pembeni nimwambie dada, kaa chini kwanza. Bango kubwa tulikuwa nalo, spika mbili, fulana, ratiba imeprintiwa kwa rangi, mgeni rasmi naye yupo. Historia ndo haikuwepo.

Mgeni rasmi alichelewa saa mbili nzima. Alipofika akaongea dakika 50 kuhusu umuhimu wa mwanamke katika jamii, yani hotuba ambayo ungeibeba ukaenda kuisoma popote pale bila kubadilisha hata neno. Sasa mstari wa pili alikuwa amekaa bibi mmoja, miaka themanini na kitu hivi, amepakata bahasha ya kaki. Tulishamwambia atapewa dakika 10 za kutuonyesha picha zake. Muda ukaliwa, mshereheshaji akaruka kipengele chake akaenda moja kwa moja kwenye picha ya pamoja, na yule bibi akanyanyuka taratibu akaondoka, bahasha haijafunguliwa. Nilimuona kabisa. Nilikuwa nimeshika waya wa maiki na sikufanya chochote, na hilo bado linanikera mpaka leo.

Na kama hiyo haitoshi, mimi mwenyewe ndo niliyesoma "historia fupi ya Machi 8", yani Siku ya Wanawake Duniani. Niliitoa mtandaoni usiku wa kuamkia shughuli, kopi na kubandika: eti mwaka 1857 wanawake wa viwanda vya nguo New York waliandamana, polisi wakawashushia kipigo, na kutoka hapo siku ikazaliwa. Inasikika vizuri, watu wakapiga makofi. Baada ya shughuli mwalimu mmoja mstaafu akanishika mkono akaniuliza kwa upole, "Hiyo ya 1857 umeisoma wapi?" Nikababaika. Nilipokuja kuchimba nikakuta wanahistoria wameyatafuta maandamano hayo wasione ushahidi wake, na kwamba hadithi yenyewe ilianza kuenea Ufaransa miaka ya 1950, karibu karne nzima baadaye! Inayojulikana kwa uhakika ni nyingine, na wala haichoshi kuisikiliza. Mwaka 1909 chama cha Kisoshalisti cha Marekani kilifanya siku ya wanawake Februari 28, mwaka uliofuata Msoshalisti wa Ujerumani, Clara Zetkin, na wenzake wakaenda na wazo kwenye mkutano wa Copenhagen kwamba iwe ya kimataifa, 1911 ikaadhimishwa Austria, Denmark, Ujerumani na Uswisi, tena ilikuwa Machi 19 wala si 8. Hiyo nane ilikuja 1917 kule Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, wanawake wa viwanda vya nguo walipogoma wakaingia barabarani kudai mkate na vita iishe, kwa kalenda ya zamani ya Urusi ilikuwa Februari 23, na wiki moja tu baadaye mfalme alishaachia kiti. Umoja wa Mataifa wenyewe ulianza kuiadhimisha 1975, na 1977 Baraza Kuu likapitisha azimio. Sasa niambie, ukiwa na stori ya hivyo unahitaji ya kutunga ya nini?

Toka siku hiyo nina kasheria kangu, chochote kitakachosomwa kwenye maiki kiwe kimeonekana sehemu mbili tofauti, na sehemu mbili zilizokopiana zinahesabika moja. Kakufanyie kazi na wewe.

Halafu hili la tarehe, watu wanalisumbukia bure. Si lazima iwe Machi. Kanada mwezi wao wa historia ya wanawake ni Oktoba, kwa sababu ya uamuzi wa Oktoba 18, 1929 uliosema kwamba mwanamke naye ni "mtu" kisheria na anaweza kuteuliwa kuingia Seneti (ndiyo, ilibidi iamuliwe). Afrika Kusini ni Agosti 9, siku ambayo mwaka 1956 wanawake kama 20,000 walitembea mpaka Union Buildings, makao ya serikali kule Pretoria, kupinga sheria za pasi, zile zilizowalazimisha watu weusi kutembea na vibali. Hata Machi ya Marekani haikuanzia juu, ilianza kama wiki moja kwenye shule na mitaa ya kaunti ya Sonoma huko California mwaka 1978, rais Carter akaitangaza nchi nzima 1980, na Bunge la Congress likaufanya mwezi mzima mwaka 1987. Kwa hiyo ukiona shughuli yenu ni ndogo, watu thelathini na viti vya kuazima, usijidharau. Ila tafuta tarehe ambayo hapo mlipo kuna kitu kilitokea: zahanati ilifunguliwa, darasa la kwanza la wasichana lilianza, wanawake waligomea kodi ya soko, chochote. Mtu akiuliza "kwa nini leo?" uwe na jibu lenu.

Turudi kwenye bahasha.

Mwaka wa pili nilienda nyumbani kwa yule bibi miezi minne kabla, kwanza kuomba radhi. Hakunikaripia, akasema tu "mlikuwa na haraka", ambayo kwangu iliuma kuliko kukaripiwa. Akafungua bahasha. Picha ya kwanza, wanawake kumi na mmoja wamesimama mbele ya jengo ambalo halijaezekwa, katikati mwanaume mmoja kavaa suti, na nyuma ya picha kuna mtu ameandika jina la huyo mwanaume na cheo chake, halafu "pamoja na akina mama". Basi. Wale kumi na mmoja, ambao bibi anasema ndo waliobeba matofali, hawana jina hata mmoja.

Tukakaa tukaanza kuandika, kushoto kwenda kulia. Andika kwa penseli jamani, tena laini, nyuma ya picha pembeni kabisa, bila kukandamiza. Wino wa kalamu unapenya na baada ya miaka unatokea upande wa pili kwenye sura ya mtu, na zaidi ya hapo penseli inafutika, utaona mbele kwa nini hilo ni muhimu. Picha zenye mgongo wa kuteleza penseli haishiki, hizo andika kwenye bahasha yake. Usigundishe kwa selotepu, usipeleke kulaminishwa, na usiondoke na picha ya mtu eti utarudisha kesho. Nenda na skana au simu hapohapo, picha ikiwa ndogo skani kwa dpi 600 (kipimo cha ukali wa picha), mrudishie mkononi.

Kurekodi sauti nako nimeharibu mara nyingi kabla sijajua. Nina rekodi moja ya saa nzima ambayo friji inaunguruma mwanzo mwisho, na nyingine imekatika katikati kwa sababu simu ilipigwa. Weka simu hali ya ndege, zima feni, rekodi nusu dakika kisha sikiliza kabla hamjaendelea. Mwanzoni kabisa taja tarehe, jina lako na la mnayeongea naye, na aseme mwenyewe kwa mdomo wake kama anakubali isikilizwe na watu na kwa masharti gani. Ukifika nyumbani weka kopi sehemu mbili, kwenye simu tu haitoshi, simu zinaibiwa.

Na maswali sasa. Nilianza na maswali makubwa, "mlinyanyaswa vipi enzi zenu?", nikapata majibu ya kiheshima ya sentensi moja. Ukiuliza hivyo mtu anakupa kile anachodhani unakitaka. Uliza vitu vya kushikika: siku ya kwanza kazini ulivaa nini, nani alibaki na watoto, mshahara wa kwanza ulipewa mkononi au alipewa mumeo, mlango wa ofisi ulikuwa upande gani. Bibi nilipomuuliza matofali waliyabeba kutoka wapi akanyamaza, akafumba macho, halafu akaongea dakika ishirini bila kusimama, na hapo ndo nikajua lile jengo walilijenga mara mbili kwa sababu la kwanza lilianguka kwa mvua. Na mtu akinyamaza usikimbilie kujaza kimya na swali lingine. Hesabu moja mpaka kumi kichwani. Ni ngumu, najua, mimi mwenyewe naongea sana.

Kuhusu mabango ya akina mama maarufu, sikatai, wabandikeni. Ila kila mwaka ni sura zilezile tano, na mbaya zaidi ni zinavyosimuliwa, kama miujiza. Rosa Parks utasikia alikuwa mshonaji aliyechoka tu siku hiyo, akakataa kunyanyuka kumpisha Mzungu kwenye basi huko Marekani, mambo yakabadilika. Lakini Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, pale mjini Montgomery tangu 1943, miaka kumi na mbili ya kuandika taarifa za watu waliodhulumiwa. Miezi tisa kabla yake, Machi 2, 1955, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alishakataa kunyanyuka kwenye basi mji uleule akakamatwa. Na usiku Parks alipokamatwa, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson alikesha na wenzake wachache wakichapa maelfu ya vipeperushi vya kuwaambia watu wasipande basi Jumatatu. Mimi hiyo sehemu ya vipeperushi ndo naipenda kuliko ya basi, kwa sababu kila mtu aliyewahi kuandaa kitu anaijua ile kesha. Wangari Maathai vilevile, watu wanaanza na Nobel ya 2004 wakati Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti Kenya, aliianzisha 1977, hapo katikati ni miaka ishirini na saba ya miche, vitalu na kugombana na wakubwa. Simulieni hiyo miaka. Msikilizaji akisikia kazi anaona na yeye anaweza, akisikia muujiza anapiga makofi anaenda zake.

Siku yenyewe tulibadilisha karibu kila kitu. Hotuba hakuna, badala yake viti viwili na maiki mbili, binti wa kidato cha tatu anamuuliza bibi maswali na picha zinaonyeshwa ukutani kwa projekta. Binti tulimchagua makusudi, mtu mzima angejifanya anajua. Kila mzungumzaji dakika 15, na mzee akianza kuzama kwenye stori nzuri hatumkatishi, tunapunguza kwingine. Tulianza saa 10 jioni Jumapili kwa sababu tuliuliza kwanza akina mama wanapata nafasi lini (mwaka wa kwanza tuliweka Jumatano asubuhi, shughuli ya wanawake wakati wanawake wako kazini, sijui tulikuwa tunawaza nini). Kona ya watoto iwepo na mtu wa kuwaangalia, zamu tuliwapa wanaume, na wakafanya vizuri tu. Wanaume waalikeni kama wasikilizaji pia, wawili watatu walikuja na picha za mama zao. Kuna kiongozi mmoja aliomba "aseme neno", tukamwambia karibu, uje na picha ya mwanamke mmoja wa mtaa huu utueleze alifanya nini. Hakuja.

Kama mna vijana wa kompyuta, siku hiyohiyo wekeni meza ya kuandika Wikipedia ya Kiswahili, kwenye ile ya Kiingereza tu wasifu wa wanawake ni kama mmoja kati ya watano. Ila muwe wakweli, Wikipedia inataka vyanzo vilivyochapishwa, kwa hiyo bibi yenu wa matofali hataingia huko hata mkilia. Yeye mtengenezeeni kijitabu, kurasa ishirini zimebanwa pini, kopi moja maktaba, moja shuleni, moja kwake.

Nilikuwa sijamaliza ile picha. Kumi tuliwapata majina mchana uleule, wa tatu kutoka kushoto akatushinda. Bibi anamkumbuka vizuri, alikuwa mrefu, anacheka kwa sauti, anafunga mzigo kwa namna yake, lakini jina hapana. Akampigia rafiki yake, wakabishana kwenye simu robo saa, wote wawili wanamjua kama "mke wa fundi" na basi. Nikaandika hivyohivyo, mke wa fundi. Nikauliza kwa wiki kadhaa, fundi watu wanamkumbuka kwa jina lake na la baba yake, mke hakuna.

Tulimpata kwenye daftari. Kikundi chao cha kuweka akiba walikuwa na daftari la vikao, limeliwa na mende pembeni, lilikuwa kabatini kwa binti wa aliyekuwa katibu, na ukurasa baada ya ukurasa chini kulia kuna sahihi ya mhazini, mwandiko wa kulala, herufi ya kwanza ameizungusha kama mkia. Miaka sita hesabu zote zimepita mikononi mwake. Bibi alishika lile daftari akasoma jina kwa sauti, akacheka, akasema "ehee, huyo!", kisha akaniomba kifutio.

Akafuta mwenyewe. Mkono unamtetemeka kidogo kwa hiyo ilichukua muda, akapuliza yale makombo ya mpira, akanipa penseli niandike.