Filamu ya 120 kwa anayeanza: majibu kwa wasomaji wa Lamu na Malindi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: kamera za filamu pana, zile zinazotumia filamu ya 120. Kodak waliitoa mwaka 1901 na mpaka leo inatengenezwa, kwa hiyo kamera ya miaka hamsini iliyopita bado ina chakula chake.

Shikamoo mwalimu. Nimezoea kamera ya filamu ya 35 na sasa nina pesa za kamera moja kubwa. Nichukue Hasselblad, Mamiya RB67 au Yashica? (Langoni, Lamu)

Marahaba. Kabla ya jina, jiulize utaibebaje. Hapo mjini ni kutembea kwa miguu vichochoroni, na ukitaka kwenda magofu ya Takwa unapanda boti. RB67 inatoa picha kubwa za sentimita 6×7, na mgongo wake unazunguka ukitaka picha ya wima bila kuilaza kamera. Lakini ukiijumlisha na lenzi na magazini, yaani kijisanduku cha nyuma kinachobeba filamu, inapita kilo mbili na nusu. Ni kamera ya studio na stendi. Mtu anaweza kutembea nayo, ila baada ya wiki mbili huanza kuiacha nyumbani, na kamera iliyoachwa nyumbani haipigi picha.

Kwako ningeanza na Yashica Mat-124G. Ina lenzi mbili, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia, zote za milimita 80, upana wa kuona unaokaribia ule wa lenzi ya 50 kwenye kamera yako ya sasa. Ni nyepesi na shata yake, kile kilango kinachofunguka kupitisha mwanga, haina kelele. Utainamisha kichwa kutazama kioo, na kulia kutaonekana kushoto. Mkono huzoea upesi.

Ikiwa moyo wako uko kwenye mfumo wa kubadilisha vipande, basi Hasselblad 500C/M au Bronica SQ-A, mwili mmoja na lenzi ya 80 peke yake. Kitu cha pili kununua kisiwe lenzi nyingine. Nunua magazini ya pili. Moja utaitia filamu ya rangi, nyingine nyeusi na nyeupe, na utazibadilisha katikati ya filamu bila kupoteza hata picha moja, mradi bamba la kuzibia mwanga umelirudisha kabla ya kuitoa. Siku utakapotaka kubadilisha lenzi ya Hasselblad, kwanza zungusha mkono wa kusogezea filamu mpaka mwisho ili shata ikazwe. Ukiitoa haijakazwa, mwili na lenzi hukwama, na kuzikwamua ni kazi ya fundi.

Filamu moja inatoa picha ngapi, na je, ile ya 220 ni bora? (Barani, Malindi)

Inategemea kamera. Ya 6×4.5 hutoa 15 au 16, ya 6×6 hutoa 12, ya 6×7 hutoa 10, ya 6×9 hutoa 8. Filamu ya 220 ni ndefu mara mbili, lakini siku hizi ni adimu mno. Ukiona magazini inauzwa rahisi, hakikisha si ya 220.

Kuna kamera iliyotumika inauzwa na jamaa hapa. Niangalie nini kabla sijatoa pesa? (Shela, Lamu)

Ulizo hili ndilo zito, maana pwani yetu inaua lenzi kimyakimya. Unyevu huleta kuvu ndani ya vioo. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, iache shata wazi kwa B (alama inayoiacha wazi maadamu umebonyeza), mulika tochi ya simu kwa nyuma, kisha tazama kwa mbele ukiigeuzageuza. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui kuanzia ukingoni, hiyo ni kuvu. Iliyokaa muda mrefu hula utando wa kioo chenyewe, na hakuna kusafisha kutakakourudisha. Mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Halafu sikiliza shata. Weka sekunde moja, piga, hesabu. Kamera iliyolala miaka mingi mafuta yake huganda, na mwendo wa polepole ndio huharibika kwanza: sekunde moja inakuwa mbili, au inasimama katikati. Mwisho fungua mgongo uguse sponji za kuzuia mwanga. Joto huzigeuza kuwa kitu kama lami kinachonata kidoleni. Hilo lisikutishe, sponji hubadilishwa nyumbani.

Ukishainunua, usiifungie kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu. Iweke kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vipakiti vya silika jeli. Na itumie: kamera inayotoka kila wiki haipati kuvu upesi.

Kuta nyeupe za mji wetu zinatoka kijivu, na watu waliosimama mbele yake wanakuwa weusi tii. Filamu mbovu? (Mkomani, Lamu)

Filamu yako nzima, bwana. Mita ya mwanga hudhani kila inachokitazama ni kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye ukuta wa chokaa, inakuamuru upunguze mwanga. Pima uso wa mtu, au kama huna budi kupima ukuta, ongeza mwanga mara tatu au nne ya ilivyosema. Filamu za negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukisitasita, ongeza.

Juani hata mita si lazima. Jua kali, weka tundu la lenzi f/16 na mwendo wa shata unaokaribia namba ya filamu: ya ISO 100 ni 1/125 ya sekunde. Kwenye mchanga mweupe wa ufukweni, f/22. Kamera nyingi za aina hii haziendi mbio kupita 1/500, basi filamu ya 400 saa saba mchana inakubana. Kwa nje chukua filamu nyeusi na nyeupe ya Ilford, FP4 Plus ya 125, na mwenzake HP5 Plus ya 400 ibaki kwa vichochoroni na ndani ya nyumba.

Ninataka kusafisha filamu nyumbani, lakini vitabu vinasema maji ya nyuzi 20 na bombani kwetu yanatoka vuguvugu. (Malindi)

Dada, usihangaike kufika 20. Shika 24 kwa barafu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kutumbukizwa kwenye beseni, si ndani ya dawa. Zimua dawa ili muda usiwe mfupi mno: HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ni dakika 13 kwa nyuzi 20, na kama dakika 9 kwa nyuzi 24. Maji ya kusuuzia nayo yawe ya joto hilohilo.

Shida kubwa kwako itakuwa jasho. Mikono ikiloa ndani ya mfuko wa giza, filamu hunata kwenye spuli ya plastiki na kukataa kuingia. Ipakie alfajiri kabla jua halijapanda, spuli ikiwa imekauka kabisa. Ikigoma, iache ndani ya tangi, funika, toa mikono, ikaushe, urudi.

Na ukifika kwenye rangi, joto letu ni msaada. Dawa ya C-41 inataka nyuzi 38, dakika tatu na robo. Maji yako yapo njiani tayari.

Nikipanda ndege Manda na filamu, mashine ya ukaguzi itaziharibu? (Lamu)

Zibebe mkononi, kamwe zisiingie kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Zitie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha na uombe kwa upole zikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT, zenye eksirei kali zaidi, zilizoanza kuwekwa kwenye viwanja vikubwa vya nje, huharibu filamu isiyosafishwa hata kwa kupita mara moja.

Na ukishamaliza filamu, ikaze vizuri kwenye spuli, uilambe ile karatasi ya gundi uibandike kabla hujaitia mfukoni, ukiwa kivulini.