Jibu: Nitaje mshahara gani Ujerumani?
Kaka, unaomba kazi ya IT (mambo ya kompyuta) Ujerumani bila digrii, halafu unaogopa kwamba ukitaja euro 30,000 kwa mwaka watakuona una tamaa? Aisee usitaje hiyo kabisa! Unapiga hesabu kwa shilingi ukiwa hapo Mwanjelwa ndo maana unaiona hela nyingi, ila viza ya Blue Card, ile ya wataalamu wa kigeni, ina kima chake cha chini cha mshahara, mwaka 2025 kwa watu wa IT kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya makato, chini ya kima huipati hata kampuni ikupende vipi. Na makato ya kule mazito, kodi, bima ya afya, pensheni, bado pango. Digrii huna sio mwisho, uzoefu wa IT miaka 3 ndani ya 7 iliyopita, wa kiwango cha digrii, wanaukubali, kwa hiyo anza kukusanya barua za waajiri sasa hivi.